Uhakiki wa "Walkabout": sehemu ya Lost iliyomfichua John Locke bila kulimaliza fumbo lake

Katika tamthilia yoyote ndefu ya televisheni huwa kuna mhusika mmoja ambaye watazamaji humsubiri kuliko wengine wote. Haongei sana, anajua mambo ambayo hakuna aliyeonekana akimfundisha, na kila akitokea watu huulizana ametoka wapi. Mwandishi anayekabidhiwa sehemu ya kueleza maisha ya nyuma ya mtu wa namna hiyo anaingia mtegoni. Akikataa kusema lolote, mtazamaji ataona anachezewa. Akisema yote, kile kilichomfanya mhusika apendwe kitakuwa kimekwisha, na kuanzia wiki inayofuata atabaki mtu wa kawaida mwenye wasifu. Nimetazama sehemu nyingi za aina hii, na iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu bado ni "Walkabout", sehemu ya 4 ya msimu wa kwanza wa Lost, iliyorushwa na kituo cha ABC cha Marekani tarehe 13 Oktoba 2004. Iliandikwa na David Fury na kuongozwa na Jack Bender, na uandishi wake uliteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mwaka uliofuata. Ninaihakiki hapa kama kazi ya uandishi, nikiwafikiria hasa wale ambao wenyewe wanataka kuandika sehemu ya aina hii. Mwisho wake nitautaja waziwazi, kwa sababu haiwezekani kuipima bila kuugusa. Asiyewahi kuitazama ni vyema aitazame kwanza.

Tamthilia inaanza na ajali. Ndege ya Oceanic 815, ikitoka Sydney kwenda Los Angeles, inavunjika angani na kuangukia kisiwa kisichojulikana, na manusura 48 wanajikuta ufukweni bila msaada. Miongoni mwao yumo mwanamume wa makamo mwenye upara, John Locke, anayeigizwa na Terry O'Quinn. Kabla ya sehemu ya 4 tumemwona kwa vipande vidogo tu. Mvua inaponyesha na wenzake wakakimbilia kujikinga, yeye anabaki ameketi mchangani, mikono ameikunjua, uso ameuelekeza juu kwa furaha. Kate, mmoja wa manusura, anapomtazama, Locke anamtabasamia huku ganda la chungwa limefunika meno yake. Anamfundisha mtoto Walt mchezo wa backgammon, anamwonyesha kete nyeupe na nyeusi, kisha anamuuliza kama angependa kuambiwa siri. Siri yenyewe hatuisikii. Katika sehemu inayofuata mtoto anamweleza baba yake kwamba Bwana Locke amesema muujiza umetokea kisiwani pale, na habari inaishia hapo.

Ninaorodhesha mambo hayo kwa sababu kazi ya "Walkabout" ilianza humo, kabla mtazamaji hajaona hata onyesho lake moja. Fumbo zuri hupandwa likiwa na jibu tayari mkononi mwa mwandishi. Mvua ile, tabasamu lile na neno lile "muujiza" vilipoonekana mara ya kwanza vilimfanya Locke atishe. Mtu alidhani huyu ni mwendawazimu au muuaji aliyejificha kwenye orodha ya abiria. Baada ya sehemu ya 4, mambo yaleyale yanageuka kuwa furaha ya mtu ambaye jana hakuwa na miguu inayofanya kazi na leo anayo. Hakuna hata moja linalohitaji kufutwa au kuelezwa upya. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila sehemu inayorudi nyuma katika maisha ya mhusika: je, inabadilisha maana ya yale niliyokwisha kuyaona, au inaniongezea habari tu? Habari mpya mtazamaji huisahau baada ya wiki chache, lakini akilazimishwa kulitazama upya jambo aliloliona kwa macho yake, hawezi tena kuliona kama zamani.

Hadithi ya wakati uliopo ni rahisi, na urahisi huo una faida. Chakula kilichookolewa ndegeni kimekwisha, watu wameanza kugombana, na katikati ya ugomvi kisu kinapita na kujichoma kwenye kiti kando ya Sawyer, manusura mwingine. Aliyekirusha ni Locke. Anafungua sanduku lake lililojaa visu vya kuwindia, anaeleza kwa utulivu jinsi nguruwe mwitu anavyowindwa, kisha anaingia msituni pamoja na Kate na Michael, baba yake Walt. Lengo linaeleweka, hatari inaeleweka, na mtazamaji hahitaji kukumbuka mengi ili aifuate safari hiyo. Mwandishi anayetaka kupenyeza kisengerenyuma, yaani onyesho linalorudi nyuma katika maisha ya mhusika, chenye uzito hana budi kuyaweka ya sasa wazi kiasi hicho, vinginevyo kila anaporudi nyuma mtazamaji atakuwa amepoteza uzi wa mbele.

Tukirudi nyuma kwa mara ya kwanza, tunampata Locke akipokea simu. Anayepiga anamwita Kanali, na wawili hao wanazungumza kwa lugha ya mafumbo ya kijeshi. Kwa muda mfupi dhana yetu inaonekana kuthibitishwa: mtu wa visu lazima awe mtu wa vita. Kisha tunaliona eneo lote, nalo ni ofisi ya kawaida yenye meza zilizotenganishwa kwa viambaza vifupi, na bosi kijana aitwaye Randy amesimama pale akidai taarifa ambazo hazijakamilika. Ukanali ni wa mchezo wa vita wa mezani ambao Locke hucheza na mwenzake wakati wa chakula cha mchana. Mshangao huu mdogo una kazi kubwa katika muundo mzima, kwa maana unampa mtazamaji jibu linaloonekana kukamilika. Anajiambia: basi fumbo ndilo hili, shujaa wa msituni alikuwa karani anayedharauliwa. Akisharidhika na jibu hilo, anaacha kutafuta jingine, na jingine lipo mbele ya macho yake wakati wote.

Onyesho la chakula cha mchana linastahili kutazamwa polepole. Locke ameketi mezani na ramani ya mchezo wake, Randy anafika, ananyakua karatasi za safari ya Australia ambayo Locke ameipanga, safari ya kutembea kwa miguu nyikani na kuishi kwa kuwinda na kuokota, na kuanza kumdhihaki mbele ya mwenzake. Anamuuliza kwa nini anajitesa kwa kujifikiria mwindaji, na kumwambia kwamba hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Locke anajibu kwa kumtaja Norman Croucher, mpanda milima aliyekatwa miguu yote miwili, na kusema kwamba mtu huyo alifika kilele cha Everest kwa kuwa ndiyo iliyokuwa hatima yake. Kisha anamwambia bosi asimwambie asichoweza kukifanya. Anayetazama kwa mara ya kwanza anasikia dharau ya bosi na majivuno ya mtu mnyonge anayejifariji kwa mifano ya mashujaa. Anayetazama kwa mara ya pili anatambua kwamba Randy alikuwa akizungumzia mwili wa mtu, na kwamba mfano wa mpanda milima asiye na miguu haukuokotwa tu. Sentensi ile "huwezi" ina maana mbili zilizo kamili, na kila moja inatosha peke yake kuliendesha onyesho. Hapo ndipo ninapomvulia Fury kofia. Kuficha jambo kwa kunyamaza ni rahisi. Kulificha ndani ya mazungumzo ambayo wahusika wanalizungumzia jambo lenyewe, bila yeyote kati yao kusema uongo wala kuongea kwa namna isiyo ya kawaida, kunahitaji mwandishi aliyeandika mistari hiyo mara nyingi.

Swali la uaminifu lazima liulizwe hapa, kwa sababu watazamaji husamehe kushangazwa lakini hawasamehi kudanganywa. Nimeirudia sehemu hii nikitafuta udanganyifu na sijauona. Katika visengerenyuma vyote Locke ameketi au amelala: nyuma ya meza ya ofisi, kwenye meza ya chakula, kitandani nyumbani kwake, mbele ya meza ya wakala wa safari. Kila mahali pana sababu ya kawaida ya mtu kuketi, ndiyo maana hakuna anayejiuliza kwa nini hasimami. Bender anaiweka kamera juu ya kiuno bila kuifanya ionekane inakwepa kitu. Ushirikiano wa mwandishi na mwongozaji unaonekana waziwazi hapa, kwa kuwa siri ya aina hii hailindwi na maandishi peke yake. Mwandishi lazima achague mahali pa kila onyesho akijua kamera itasimama wapi, na fanicha itakuwa upande gani.

Onyesho la usiku, ambapo Locke anazungumza kwa simu na mwanamke anayemwita Helen, lina uchungu wa namna nyingine. Anamweleza kwamba amenunua tiketi mbili za kwenda Australia, moja yake na nyingine ya Helen. Mazungumzo yanapoendelea tunatambua kwamba Helen ni mwanamke anayelipwa kuzungumza na wateja kwa simu, na kwamba haruhusiwi kukutana nao. Hakuna siri ya kisiwa inayofichuliwa hapa, na mwandishi mwenye haraka angelikata onyesho hili kwanza, lakini bila hilo siri ya mwisho ingekuwa kiini macho tu. Ili tufurahi mtu anaposimama, lazima kwanza tujue alikuwa mpweke kiasi gani alipokuwa ameketi. Tena onyesho hili limefungwa na la msituni kwa uzi mwembamba sana: nguruwe anapowashambulia na Locke akaanguka chali, Kate anamuuliza kama yu salama, naye anamjibu kwa kumwita Helen. Kate anashangaa, nasi tunashangaa kidogo pamoja naye, na hakuna anayetoa maelezo.

Kisha unakuja mwisho. Tuko Australia, katika ofisi ya kampuni ya safari, na wakala anamwambia Locke kwamba hakueleza ukweli kuhusu hali yake na kwamba hawezi kuruhusiwa kwenda. Locke anajitetea kwamba ameishi na hali hiyo kwa miaka minne na haijawahi kumzuia. Basi linangoja nje, wakala anaondoka, Locke anageuka kumfuata kwa sauti, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tunakiona kiti cha magurudumu. Anapaza sauti kwamba asiambiwe asichoweza kukifanya, na kwamba hii ndiyo hatima yake. Papo hapo tunarudishwa ufukweni, dakika za kwanza baada ya ajali: kiatu kimechomoka, kidole cha mguu kinacheza, na mtu ananyanyuka kwa miguu yake katikati ya moto na vilio. Muziki wa Michael Giacchino haushangilii, unapanda taratibu pamoja naye. Na katika wakati uliopo, wakati manusura wanachoma mabaki ya ndege pamoja na miili ya waliokufa, Locke anakitazama kiti chake kitupu kikiwa karibu na moto.

Ukiangalia kilichoelezwa hasa, utashangaa jinsi kilivyo kidogo. Hatujaambiwa miguu ilipoozaje. Hatujaambiwa Helen alipewa jina hilo kwa sababu gani, wala kisiwa kimemponyaje. Tumepewa ukweli mmoja tu, na ukweli huo umezaa maswali makubwa kuliko lile la mwanzo. Kabla ya hapo tuliuliza Locke ni nani. Sasa tunauliza mahali hapa ni mahali gani, na mtu aliyepewa zawadi kama hii atafanya nini ili asinyang'anywe. Swali la kwanza lilikuwa la kutaka kujua tu. La pili linamhusu mtu tunayemjali, na ndiyo maana liliweza kuibeba tamthilia kwa misimu 6. Msituni Locke anakutana uso kwa uso na kitu cha ajabu kinachozunguka kisiwani, ambacho manusura wote wanakiogopa, na Michael anapomuuliza baadaye kama alikiona, anakana. Kwa hiyo katika sehemu ileile inayotufungulia maisha yake ya nyuma, mhusika anapata siri mpya. Kati ya mbinu zote zilizomo humu, hiyo ndiyo ningemsihi mwandishi mchanga aishike: chochote unachomtoa mhusika wa fumbo, mrudishie kingine kabla sehemu haijaisha.

Kasoro zipo, na mapenzi yangu kwa kazi hii hayanizuii kuzitaja. Randy ameandikwa kama mwonevu mtupu; hana sababu ya ukatili wake wala onyesho hata moja linalomfanya awe mtu kamili, na bosi mwenye huruma ya kukera, anayemzuia Locke kwa kumwonea imani, angeumiza zaidi. Visa vya pembeni vya ufukweni havilingani kwa uzito. Ile shughuli ya kuwakumbuka marehemu, ambapo Claire, mmoja wa manusura, anasoma majina na maelezo machache yaliyopatikana kwenye mizigo yao, inaafikiana na moto wa mwisho, lakini kile kisa cha manusura wengine wawili, Shannon kumtumia Charlie ili apate samaki, ni kujaza dakika. Sentensi ya kutoambiwa asichoweza ina nguvu hapa kwa sababu inarudi kila mara ikiwa na uzito zaidi. Tamthilia iliendelea kuirudia misimu iliyofuata hadi ikapungua makali.

Lipo pia jambo zito zaidi. Muujiza wa Locke unategemea dhana kwamba maisha ya kwenye kiti cha magurudumu ni kifungo kinachosubiri kufunguliwa, na wakala anayemkatalia anaonyeshwa zaidi kama kikwazo kuliko kama swali. Je, kampuni ingeweza kuandaa safari ya namna nyingine? Je, Locke alikuwa na haki ya kuamua mwenyewe kuhatarisha maisha yake? Hasira yake inayagusa maswali hayo, ila hadithi inayaacha mara tu anaposimama. Mwandishi wa leo anayefuata njia hii angefanya vizuri kukaa nayo kidogo zaidi, maana ndani yake mna drama ya kweli isiyohitaji muujiza wowote.

Ili kuona ugumu wa kazi yenyewe, inafaa kuitazama sehemu nyingine ya tamthilia hiihii, "Ab Aeterno" ya Machi 2010, iliyoeleza maisha ya nyuma ya Richard Alpert, mtu asiyezeeka ambaye watazamaji walimsubiri kwa miaka. Ni sehemu nzuri, yenye uigizaji wa hali ya juu, na inarudi hadi mwaka 1867 katika Visiwa vya Kanari kusimulia jinsi alivyompoteza mkewe, akauzwa utumwani na kufikishwa kisiwani na meli iliyovunjika. Inajibu karibu kila kitu kwa mpangilio wa matukio, tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tunaridhika. Lakini baada ya kuridhika hatuna sababu kubwa ya kuyarudia maonyesho yake ya zamani, kwa kuwa majibu yameongezwa juu yake na hayakuwa yamefichwa ndani yake. Njia ya tatu kabisa ilichukuliwa na mwandishi Glen Morgan katika tamthilia nyingine ya Marekani, The X-Files, mwezi Novemba 1996, alipoandika maisha ya nyuma ya mhusika wake wa fumbo, yule mvuta sigara asiye na jina. Alimpa mengi mno, yakiwemo mauaji ya Rais Kennedy na ya Martin Luther King, kisha akaiweka simulizi yote midomoni mwa mtu aliyeitegemea hadithi ya jaridani, hivi kwamba mtazamaji anabaki hajui aamini kiasi gani. Mbinu hiyo inalilinda fumbo vizuri, na picha ya muuaji anayetamani kuwa mwandishi wa riwaya na kukataliwa na wachapishaji inahuzunisha kweli. Hata hivyo shaka ina gharama yake: jambo ambalo huenda halikutokea haliwezi kumbadilisha mhusika kuanzia wiki inayofuata.

Kwa anayeandika, ushauri wangu ni kuitazama "Walkabout" mara mbili kwa utaratibu maalumu. Mara ya kwanza itazame kama mtazamaji, mara ya pili shika kalamu na uandike, kwa kila kisengerenyuma, ni tukio gani la sasa lililokifungua na ni neno gani lililokifunga. Utaona kwamba Locke hakumbuki kwa sababu mwandishi anahitaji tukumbushwe. Anakumbuka kwa sababu ameanguka chali na mwili wake umemrudisha mahali fulani. Andika pia kila fursa ambayo ukweli ungeweza kutoka mapema, na kilichouzuia usitoke. Ukimaliza zoezi hilo, nenda kwenye "The Man from Tallahassee" ya mwaka 2007, ambapo hatimaye tunaambiwa kwamba baba mzazi wa Locke alimsukuma dirishani kutoka ghorofa ya 8. Zaidi ya miaka miwili ilikuwa imepita tangu kiti kile kionekane, na jibu lilikuja wakati ambapo tayari tulikuwa tumeshamjua baba huyo na kumchukia, kwa hiyo namna miguu yake ilivyopooza haikuwa tena jambo la kutegua. Ilikuwa ni kosa la mtu kwa mwanawe, na O'Quinn, ambaye mwaka huohuo alipata tuzo ya Emmy ya mwigizaji msaidizi, anaucheza wakati huo kwa uso wa mtu ambaye bado hajaamini kwamba ametendewa hivyo na mzazi wake.